Namba Moja, Ndege Moja

Andwele Mwaipasi alikuwa na mkono ambao watu wa idara ya ujenzi pale Sumbawanga walipenda kuwaonyesha wageni. Mpe brashi na ukuta mtupu, usimpe rula wala kamba, atakuandikia tarakimu yenye urefu wa mkono wa mtu mzima, na ukija na futi yako kupima utakuta mguu wa saba umesimama wima na tumbo la sita halikuvimba kupita kiasi. Alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mrefu, kifua kibovu, na kikohozi chake cha alfajiri majirani wake wa mtaa wa Chanji walikijua kuliko jogoo wao. Hawakumwita kwa jina. Walimwita Fundi Namba.

Namba alizifundishwa jeshini. Aliingia kikosi cha ndege mwaka 1967, kijana wa miaka ishirini, na kwa kuwa aliwahi kuandika mabango ya maduka kwao, akapelekwa karakana ya rangi. Huko alimkuta sajini mmoja mfupi, Wilibrodi, mtu wa maneno machache na makofi mengi. Sajini ndiye aliyemweleza kwamba namba ya mkiani haikuwekwa kwa urembo. Herufi mbili za mwanzo husema ndege ni ya nani. Tarakimu ya kwanza husema ni ya kazi gani: nne ni ya kubeba watu na mizigo, saba ni ya kufundishia marubani. Ya pili husema ni ya aina gani, imetoka kiwanda kipi na ina injini ngapi. Mbili za mwisho ni zamu yake ya kufika, kama watoto wa nyumba moja wanavyofuatana kuzaliwa. Basi 4307, kwa anayejua kusoma, ni ndege ya mizigo, ya aina ya tatu, ya saba kuletwa. Asiyejua anaona tarakimu nne tu, anapita.

"Namba moja, ndege moja," Sajini alimwambia, akiwa amemshika sikio. "Ndege ikifa, namba inapigwa mstari daftarini, inazikwa nayo. Na ukimweleza mtu wa nje maana ya unachokiandika, nitakuozesha mahabusu."

Andwele aliyashika yote mawili. Kwa miaka sita alibandika tepu, akapiga msasa, akapuliza rangi, akavuta ule moshi wa rangi ambao baadaye ulikuja kumdai kifua chake. Alijivunia kazi. Ndege ikipaa aliinua macho kutazama mkia kwanza, mabawa baadaye.

Mwaka 1973, mwezi wa Septemba, 4307 iliondoka asubuhi ikiwa na watu watano na haikurudi. Ilijipigiza mlimani penye ukungu, ikaungua, na waliotumwa kwenda kuwatafuta walirudi na magunia mawili mepesi. Karakana nzima ililijua hilo. Miezi miwili baadaye ikaja ndege nyingine ya aina ileile, ya kijivu, mkia wake mtupu. Kapteni mmoja akaingia na karatasi mkononi, akaagiza iandikwe 4307.

Andwele alidhani mkubwa amekosea. Akasema kwa adabu kwamba namba hiyo ilikuwa ya ndege iliyoanguka.

"Hakuna ndege iliyoanguka," Kapteni alijibu bila kukasirika. "Adui anazihesabu kwa namba zake. Hatutaki ajue kama zimepungua, wala kama zimeongezeka. Andika."

Andwele akamgeukia Sajini. Yule aliyekuwa akisema namba inazikwa na ndege yake alikuwa anatazama viatu vyake. Basi Andwele akaandika. Jioni akaitwa ofisini, akatia sahihi karatasi iliyosema kwamba hakuona kitu wala hakusikia kitu, na kwamba akinena adhabu yake ni kizuizini. Mwaka uliofuata kifua kilimlaza hospitali wiki tisa, akaachishwa jeshi. Mapema mwaka 1975 alipata kazi ya kuandika vibao vya barabara na namba za magari ya serikali katika mkoa mpya wa Rukwa, akapanda na mkewe, Tusekile, hadi Sumbawanga, kwenye baridi na upepo usioisha.

Hakuwa amemaliza miezi minne pale alipojiwa na mzee mmoja Mfipa aliyetembea kutoka kijiji cha ujamaa cha Ilembwe, mwendo wa saa tano. Jina lake Ignasi. Alikuwa amebeba begani msalaba wa mninga alioutengeneza mwenyewe. Akasema mwanawe, Flavian, alikuwa fundi wa injini jeshini, amefia kazini, na mwili haukuletwa. Paroko amekubali msalaba usimamishwe makaburini hata bila kaburi. Alitaka uandikwe vizuri, na alikuwa amesikia mjini kuna mtu mwenye mkono.

"Jina lake, siku aliyokufa, na namba ya ndege," mzee alisema. "Namba tuliletewa kwenye barua. Mama yake anasema hatuna kaburi, basi walau tuwe na namba."

Akatoa barua, imekunjwa mara nane. Andwele akasoma: *akiwa kazini ndani ya ndege namba 4307*. Akaelewa mara moja lililotokea: karani fulani aliiandika barua ile siku za mwanzo, kabla agizo la kunyamaza halijamfikia. Akairudisha barua, akamuuliza mzee anataka rangi gani. Mzee akataka nyeupe. Akaandika, na tarakimu zile nne zilitoka vizuri kuliko kazi yoyote aliyofanya mwaka ule. Mzee Ignasi akamshukuru kwa kupiga makofi polepole, akipiga goti moja kidogo, kama wafanyavyo Wafipa mbele ya mtu wanayemheshimu.

Ilembwe ilikuwa imeanzishwa kwa nguvu mwaka mmoja kabla. Mwenyekiti wake, Eustace, ndiye aliyesimamia uhamishaji, na ndiye aliyetoa amri paa za mahame zichomwe ili watu wasirudi. Kwa Ignasi moto ulikula paa na kihenge chenye ulezi wa mwaka mzima. Ignasi alimwambia hayo mbele ya mkutano, mbele ya wageni wa wilayani, kwa sauti ya kawaida, neno kwa neno. Eustace alimeza, akaweka tumboni. Hakuweza kumgusa, kwa sababu barua ya jeshi ilikuwa imekwisha kufika na Ignasi alikuwa baba wa askari aliyekufa kwa ajili ya nchi. Mzazi wa namna hiyo hakupelekwa shamba la kijiji kwa kiboko. Kwenye mikutano alipewa kiti.

Juni 1977 wakubwa wa jeshi walikuja kukagua mgambo wa mkoa. Vijiji vyote vya karibu vililetwa uwanja wa ndege kwa malori, watu wamejikunyata ndani ya mashuka, upepo wa milima ya Mbizi unakata masikio. Andwele alikuwepo, maana kibao cha makaribisho kilikuwa chake. Ndege ilizunguka mara moja, ikatua, vumbi jekundu likafunika watu wote, na lilipotulia Andwele akauona mkia. Hakuhitaji kusoma. Aliijua ile nne yenye kichwa kilichofungwa, jinsi alivyokuwa anaifunga yeye peke yake.

Mzee Ignasi naye alikuwa ameiona. Hakujua kusoma sana, lakini tarakimu zile alikuwa akizitazama kila Jumapili kwa miaka miwili. Alitoka kwenye mstari, akavuka uwanja taratibu, akasimama mbele ya rubani aliyekuwa anavuta sigara karibu na gurudumu. Akamsalimu, akamuuliza kama ndege hii ndiyo iliyoanguka mwaka sabini na tatu.

Rubani alikuwa kijana, na hakuwa na ubaya. Alicheka tu. Alisema mzee wangu, ndege hii haijawahi kuanguka, hata tairi halijawahi kupasuka. Ingeanguka, leo ningekuja na nini? Alisema kweli kabisa, kwa kadiri alivyojua. Lakini Eustace alikuwa amemfuata Ignasi nyuma hatua tatu, na alisikia kila neno.

Mkutano wa kijiji uliitishwa siku ya nne. Mgambo mmoja alitumwa Chanji kumchukua Fundi Namba, kwa maelezo kwamba kijiji kinahitaji mtaalamu. Andwele alipofika alikuta watu wote wameketi chini uwanjani, na mezani pamoja na Eustace ameketi mtu wa wilayani aliyevaa kaunda suti, ambaye hakuna aliyemtaja jina. Barua ya Ignasi ilikuwa mezani imewekewa jiwe isipeperuke.

Eustace alianza kwa upole. Alisema hana neno na mtu. Lakini barua inasema ndege imeanguka, na wananchi wote wameiona ndege, nzima, imetua mbele ya macho yao. Ikiwa ndege haikuanguka, aliyekuwa ndani yake hakufa. Ikiwa hakufa na hayupo jeshini, basi ametoroka, na wazazi wake wanajua alipo. Na ikiwa wanajua, kwa miaka mitatu wamekaa kwenye kiti cha mashujaa, wenzao wakivunjika migongo shambani, kwa sababu ya barua ya uongo. Kisha akamgeukia Andwele.

"Ndugu fundi, wewe umefanya kazi hiyo. Tueleze wananchi. Ndege mbili zinaweza kuwa na namba moja?"

Andwele alisimama. Mtu wa kaunda suti alikuwa ameinua macho kwa mara ya kwanza, na alikuwa anamtazama kama mtu anayesubiri kuona mwingine atakanyaga wapi. Huenda hakujua lolote. Huenda alijua yote, na karatasi ile yenye sahihi alikuwa ameisoma. Andwele hakuweza kutambua.

Mzee Ignasi, amesimamishwa pembeni kati ya mgambo wawili, akasema, "Fundi, wewe ndiye uliyeandika msalaba wa mwanangu. Sema unachokijua. Hatukuombi zaidi."

Mke wake, Silvana, alikuwa ameketi mstari wa mbele, miguu ameikunja upande. Uso wake ulikuwa haufanani na wa mumewe hata kidogo. Alikuwa anamtazama Andwele kwa hamu, midomo wazi, kama mgonjwa anavyotazama chupa ya dawa.

"Namba moja, ndege moja," Andwele alisema. "Ndiyo kanuni."

"Hakuna namna nyingine?" Eustace aliuliza.

"Ndivyo tulivyofundishwa."

Silvana akafunika uso kwa viganja, na nyuma ya viganja vile watu wakasikia sauti ndogo. Wengi walidhani analia. Alikuwa anapiga kigelegele, chinichini, peke yake, kwa sababu mtu mwenye ujuzi alikuwa ametamka mbele ya kijiji kwamba mwanawe yu hai.

Ignasi alifungiwa ghala la mbolea. Mgambo walikwenda makaburini, wakang'oa msalaba, wakaupasua kwa shoka na kuutia chini ya sufuria la nyama iliyokuwa inachemshwa kwa ajili ya wageni. Andwele aliona kipande chenye 43 kikivimba rangi na kupasuka. Alipopelekewa sahani alikula, maana kutokula kungeonekana.

Ghalani mzee alikaa siku kumi na tisa. Kila siku aliulizwa mwanawe yuko wapi, na kila siku alijibu kwamba amekufa, na kwa jibu hilo alipigwa. Mkewe alipoletwa kumshawishi alimwambia kwa Kifipa aache ubishi, aseme lolote, mtoto anarudi, kwa nini anang'ang'ania kumuua. Walioshuhudia wanasema hilo ndilo lililomvunja mzee, si fimbo. Alitoka akiwa hasikii kwa sikio la kushoto na mkojo wake ni mwekundu. Mvua zilipoanza alipelekwa shamba la kijiji kufukia majani na kuinua matuta pamoja na vijana, na Eustace alikuwa akisimama kichwani pa tuta lake kuhesabu. Januari 1978 alianguka kwenye tuta, akabebwa kwa machela ya miti, akafa kabla ya kufika zahanati.

Silvana hakulia msibani. Aliomba maziko yasubiri siku moja, mbili, Flavian apate kuja kumzika baba yake. Paroko alisubiri siku moja. Siku ya pili mwili ulikuwa hauvumiliki tena, wakazika.

Lakini kabla ya kifo hicho, wiki moja baada ya mkutano ule, mumewe akiwa bado ghalani, Silvana alikuwa amekwenda Chanji. Alimkuta Andwele uani anaosha brashi. Alipiga magoti yote mawili, akaweka chini kikapu cha unga wa ulezi na kuku mwekundu aliyefungwa miguu. Alisema hakuja kuomba kitu. Amekuja kumshukuru.

"Umenirudishia mwanangu, baba," alimwambia. "Mimi nilishamzika moyoni. Wewe umemfukua."

Andwele alisema asante, mama. Tusekile, ambaye hakuwahi kuambiwa habari za Kapteni na karatasi, alimpokea mgeni kwa chai na kumsindikiza hadi barabarani, akarudi akimsifu mumewe kwamba kwa neno moja amemfuta mama wa watu machozi. Kuku alichinjwa Jumapili. Andwele alipewa firigisi, kama mwenye nyumba.

Tangu hapo Silvana hakukosa uwanjani ndege inapotua. Alikuja na kifurushi cha nguo, suruali ya kijivu na sweta, akasimama nje ya uzio, akaangalia kila anayeshuka. Marubani walimzoea, wakamwita Mama Mkwe. Vita vya Uganda vilipokwisha na wanaume wa mkoa kurudi, alisimama stendi wiki tatu. Mtu mmoja akamtania kwamba watoro wengi wamevukia Kasanga, Ziwa Tanganyika, kwenda Kongo. Akateremka Kasanga, akawauliza wenye boti mmoja mmoja, akalala kwenye marundo ya nyavu hadi alipougua homa na kurudishwa na lori la dagaa. Watoto wa Ilembwe walimwimbia. Wakubwa wao hawakuwakataza.

Eustace alipandishwa kuwa katibu kata. Ofisi yake mpya ilihitaji kibao, na Andwele alikiandika.

Mwaka 1980, mwezi wa Mei, daktari alimwambia Andwele kwamba pafu la kulia limekufa na la kushoto linalifuata. Alikaa na habari hiyo siku kadhaa. Hakuogopa tena kizuizini. Mtu wa pafu moja hafungwi kwa muda mrefu. Asubuhi ya Jumamosi aliazima baiskeli akaenda Ilembwe, anapanda kidogo, anasukuma kidogo, anakaa kando ya njia kutafuta pumzi.

Silvana alikuwa mlangoni anapepeta ulezi. Alimkaribisha kwa furaha, akampa kigoda. Andwele hakukaa. Alimweleza yote wima, kama mtu anayetoa ripoti: ndege ya kwanza, mlima, magunia mawili, Kapteni, ndege ya pili, mkono wake mwenyewe ukiandika namba ya marehemu kwenye mkia wa ndege ngeni. Alisema mzee Ignasi alikuwa na haki tangu mwanzo. Alisema mkutanoni aliogopa.

Silvana alisikiliza huku ungo umetulia mapajani. Andwele alipomaliza, mama yule alipuliza makapi yaliyobaki, akaimimina nafaka kwenye kapu, akasimama.

"Nani amekutuma?" aliuliza.

"Hakuna, mama. Nimekuja mwenyewe."

"Ulisema mbele ya kijiji kizima. Mzee wangu alikuomba useme unachokijua, ukasema namba moja, ndege moja. Wakampiga kwa neno lako. Kama lilikuwa uongo, basi nilimwambia mume wangu aseme uongo, na yeye akafa akisema kweli peke yake, na mimi nimemkalia mbali hadi kaburini." Akafunika kapu kwa ungo. "Hapana. Siwezi kulichukua hilo, fundi. Rudi nalo mwenyewe. Mwanangu yuko hai. Wewe ndiye uliyesema."

Akaingia ndani, akafunga mlango, na Andwele akasikia komeo la mti likisukumwa.

Alifika Chanji jua linazama, midomo imegeuka rangi. Tusekile alimvua viatu, akamletea maji ya moto, akamuuliza kama amemkuta yule mama.

"Hakuwepo," alisema Andwele, akageukia ukutani.